Barafu iko kilomita nne juu ya Mwanza

Hotuba iliyotolewa jijini Mwanza mbele ya wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi, mwanzoni mwa mvua za vuli.

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wazazi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliojazana mpaka mlangoni: mwangaluka!

Ahsanteni sana. Mimi ni fundi wa ndege, na nilipoulizwa nitazungumzia nini leo, nilijibu: barafu. Najua wapo wanaojiuliza kama mgeni huyu hakupotea njia. Barafu tunayoifahamu sisi ni ile ya soko la samaki la Mwaloni, ya kuhifadhia sangara. Lakini nisikilizeni kwanza hesabu moja.

Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila kilomita. Katika nchi za tropiki, kimo ambacho joto hufika sifuri ni karibu mita 5,000 kutoka usawa wa bahari, na hakibadiliki sana kati ya kiangazi na masika. Toa mita za ziwa, zinabaki pungufu ya kilomita 4. Kutoka hapa mjini hadi uwanja wetu wa ndege, kupitia Pasiansi, ni karibu kilomita 10. Barafu iko karibu nasi kuliko uwanja wa ndege, ila tu iko juu ya vichwa vyetu. Anayebisha aende Kilimanjaro akaitazame.

Ndege ya jeti ikiruka hapa kwenda Dar es Salaam, inauvuka mstari huo wa sifuri ndani ya dakika chache, kabla abiria hajaruhusiwa kufungua mkanda. Inaporudi inauvuka tena. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewasikia hata watu wa kazi yetu wakisema mambo ya barafu ni ya Ulaya na Kanada, huku kwetu ni somo la kujibia mtihani. Silikubali hilo, na nitawaeleza kwa nini.

Ukipanda hadi futi 35,000, kimo cha kawaida cha safari, nje kuna baridi ya nyuzi 54 hivi chini ya sifuri. Wengi hudhani hatari iko huko. Kwa bawa la ndege, hatari kubwa iko chini zaidi, ndani ya mawingu, kati ya sifuri na nyuzi kama 20 chini ya sifuri. Huko kuna maji ambayo yangepaswa kuwa yameshaganda, lakini bado ni maji. Tone dogo na safi linaweza kupozwa hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri bila kuganda, kwa sababu halijapata kitu cha kuanzia. Wenye friza dukani mnaijua soda iliyosahauliwa ndani: unaitoa ikiwa maji matupu, ukiifungua tu inaganda mkononi mwako. Matone ya wingu yamekaa hivyo hivyo, yanasubiri kuguswa. Na kinachokuja kuyagusa ni ndege, kwa mwendo wa mamia ya kilomita kwa saa.

Yanaganda palepale yanapogonga: kwenye ukingo wa mbele wa bawa, kwenye mdomo wa injini, kwenye kioo, kwenye vipimo vilivyojitokeza nje. Watu hufikiri ubaya wa barafu ni uzito. Uzito ni sehemu ndogo tu. Bawa huibeba ndege kwa umbo lake, na barafu huliharibu umbo hilo. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani imekuwa ikiwafundisha marubani kwamba barafu yenye mkwaruzo wa msasa tu, msasa wa fundi seremala, inaweza kupunguza nguvu ya bawa ya kuinua ndege kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40.

Jeti hujilindaje? Kwa joto, na joto lenyewe limo ndani ya injini yake. Injini ya jeti inavuta hewa na kuikandamiza hatua kwa hatua kabla ya kuichoma pamoja na mafuta. Hewa ikikandamizwa hupata moto hata kabla ya mafuta kuingia. Basi wahandisi hutoboa njia pembeni, hewa kidogo ikachotwa, ikapozwa hadi karibu nyuzi 200, kisha ikasafirishwa kwa mabomba mpaka ndani ya ukingo wa bawa. Humo kuna mrija mrefu wenye vitundu vidogo vingi, unaipuliza hewa ile moto kwenye ngozi ya bati kwa upande wa ndani. Bati linapata moto, tone likigonga halipati pa kushika.

Siku mkisimama karibu na uzio wa uwanja, tazameni injini ya jeti kwa mbele. Ule mdomo wa mviringo unang'aa, ni chuma kitupu kisichopakwa rangi, hata kama ndege nzima imepakwa rangi za kila aina. Mdomo huo ni mojawapo ya sehemu zinazopashwa moto. Ukiiacha barafu ijijenge pale, kipande kikibanduka kinaingia kwenye feni inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Na mzungumze habari ya pale na mwalimu wenu wa fizikia, kwa sababu kuna jambo linalowashangaza wanafunzi wangu kila mwaka: kwenye jeti nyingi rubani anatakiwa kuwasha joto la injini mara tu nje pakiwa na nyuzi 10 na kuna wingu, ukungu au mvua. Nyuzi 10 juu ya sifuri! Hewa inayofyonzwa kwa kasi kuingia kwenye mdomo ule hutanuka, na ikitanuka inapoa. Nje maji hayagandi, mdomoni yanaganda.

Hewa hiyo moto haitolewi bure. Kila inapochotwa, injini inapoteza nguvu kidogo na kula mafuta zaidi. Ndiyo maana hakuna anayepasha moto ndege nzima. Wahandisi huchagua. Kwenye jeti nyingi kubwa hata mkia hauna joto la kuzuia barafu, kwa sababu majaribio yameonyesha mkia ule una nguvu ya akiba ya kutosha. Boeing 787, ambayo shirika letu la ndege inazo, imekwenda njia nyingine kwenye mabawa: badala ya hewa ya injini, ukingo wa bawa una tabaka linalopashwa kwa umeme. Mdomo wa injini yake bado unatumia hewa moto.

Ndege za pangaboi zinazotua hapa kila siku zina injini zisizo na hewa nyingi ya kugawa. Kwa hiyo kwenye ukingo wa bawa zimevalishwa kanda nyeusi za mpira. Barafu inaachwa ijijenge kidogo, kisha mpira unajazwa upepo, unavimba, barafu inapasuka na kupeperushwa. Pangaboi zenyewe zina joto la umeme. Utaratibu huo ni mzuri, lakini unahitaji jicho kali zaidi, maana ndege hizi haziendi juu ya futi 25,000 au zaidi kidogo, na zinapanda polepole, kwa hiyo zinakaa muda mrefu ndani ya ile sehemu mbaya ambayo jeti inaipita haraka. Tarehe 31 Oktoba 1994, ndege ya pangaboi aina ya ATR 72 ilikuwa ikizunguka angani kusubiri zamu ya kutua Chicago, ndani ya mvua yenye matone makubwa kuliko kawaida. Matone yale hayakugandia kwenye mpira. Yalitiririka yakagandia nyuma yake, mahali mpira haufiki. Watu wote 68 walikufa karibu na Roselawn, jimbo la Indiana. Baada ya hapo mpira ulipanuliwa kwenda nyuma zaidi.

Nimetaja joto, sasa nitaje swichi. Tarehe 13 Januari 1982 huko Washington, theluji ikianguka, marubani wa Boeing 737 walikuwa wakisomeana orodha ya ukaguzi. Ilipofikia joto la kuzuia barafu la injini, jibu lililonaswa kwenye kinasa sauti lilikuwa: imezimwa. Kipimo kilichoko mdomoni mwa injini kikaziba kwa barafu, saa za vipimo mbele ya marubani zikaonyesha nguvu nyingi kuliko iliyokuwepo. Ndege ikainuka kwa shida, ikagonga daraja na kutumbukia mto Potomac. Watu 78 walikufa, wakiwemo wanne waliokuwa darajani. Shirika lililokuwa likiirusha ndege hiyo makao yake yalikuwa Florida, jimbo la joto, na wachunguzi walieleza kwamba marubani hawa hawakuwa na uzoefu mkubwa wa kurusha jeti kwenye majira ya baridi. Kila nikisikia mtu anasema barafu si yetu, mimi nawakumbuka wale.

Tuje kwenye kitu hiki nilichokishika. Mlioko nyuma simameni mwone. Ni mrija wa Pitot. Jina ni la Mfaransa Henri Pitot, aliyeubuni mwaka 1732 kupimia mwendo wa maji ya mto Seine. Una tundu moja mbele, dogo, kidole changu kidogo hakiingii. Hewa inaingia kwa kishindo cha mwendo wa ndege, kompyuta inalinganisha msukumo huo na msukumo wa hewa tulivu ya nje, na kutokana na tofauti hiyo inajua kasi. Jeti kubwa huwa na mirija mitatu au zaidi, ili mmoja ukidanganya mingine iseme kweli. Ndani ya ukuta wake umezungushwa waya wa umeme. Ukiuwasha ndege ikiwa imesimama, usiuguse, utakutoa ngozi. Na ukisahau kuvua kile kifuniko chenye utepe mwekundu halafu ukawasha, kifuniko kinayeyukia juu yake. Kifuniko chenyewe hapa kwetu tunakihitaji sana, kwa sababu nyigu wanaojenga kwa udongo wanalipenda tundu hili kuliko nyumba yoyote.

Usiku wa tarehe 1 Juni 2009, Airbus A330 ya Ufaransa ilikuwa inatoka Rio de Janeiro kwenda Paris. Haikuwa Ulaya wala Kanada. Ilikuwa juu ya bahari ya Atlantiki, karibu na ikweta, futi 35,000, inapita kwenye ukanda wa mvua. Ni ukanda uleule unaopita juu ya ziwa letu mara mbili kwa mwaka na kutuletea vuli na masika. Mawingu ya ukanda huo hupanda juu sana, na huko juu hayana tena matone, yana chembe ndogo za barafu kavu, nyingi mno. Chembe hizo haziligandii bawa baridi, zinadunda na kupita. Rada ya ndege huona maji vizuri kuliko barafu kavu, kwa hiyo zinaonekana hafifu. Lakini zikiingia kwenye tundu lenye joto huyeyuka, na zikizidi uwezo wa joto lile zinaziba. Mirija ya Pitot ikaziba kwa muda mfupi, kama dakika moja. Kompyuta zilikosa kasi, otopailoti, yaani mtambo unaoiongoza ndege wenyewe, ikajitoa, ndege ikaachwa mikononi mwa marubani gizani, na saa zao zinapingana. Waliinua pua, mabawa yakaacha kubeba. Kutoka otopailoti ilipojitoa hadi ndege kugonga maji zilipita dakika nne na sekunde chache. Watu 228. Mabaki yalipatikana mwaka 2011, kina cha karibu mita 3,900.

Naomba mlifikirie tundu hili dogo kwa dakika moja. Joto lilikuwepo na lilikuwa linafanya kazi. Lilikuwa limepimwa kwa viwango vya zamani, vilivyotungwa kwa kufikiria zaidi matone ya maji. Dhoruba za tropiki zilikuwa na kitu ambacho viwango havikukipa uzito unaostahili. Mirija ya aina ile iliondolewa, na viwango vya majaribio vikaongezwa chembe za barafu. Kama kungekuwa na wahandisi wengi zaidi waliokulia chini ya mawingu kama haya yetu, mimi naamini swali lingeulizwa mapema. Ninyi mmekulia chini yake. Mnajua wingu la ziwa likisimama asubuhi upande wa Ukerewe linafananaje.

Mvua nayo ina mambo yake. Kioo cha marubani si glasi moja. Ni tabaka za glasi na plastiki ngumu, na katikati kuna utando mwembamba usioonekana unaopitisha umeme na kupata joto. Joto hilo linazuia barafu na ukungu wa kioo, lakini marubani wengi wanaliwasha hata hapa, saa saba mchana, jua likiwaka. Sababu ni ndege wenye mabawa ya manyoya. Plastiki ya katikati ikiwa baridi inakuwa ngumu na kukatika, ikiwa na joto inanyumbuka na kustahimili kugongwa. Kwa uwanja ulioko ufukweni, wenye korongo wakubwa wanaozunguka juu ya samaki tangu Kirumba, joto la kioo si anasa. Maji ya mvua yenyewe huondolewa na waipa, na kioo kupakwa dawa inayoyafanya maji yajikunje na kuteleza badala ya kutandaa. Zamani kulikuwa na dawa ya kupuliza juu ya kioo wakati wa mvua kubwa, ikaachwa kwa sababu za afya na mazingira.

Injini je, haizimwi na mvua? Inaweza, ingawa ni nadra sana. Kabla ya kuidhinishwa, injini humwagiwa maji yenye uzito wa asilimia 4 ya hewa inayoivuta, na inatakiwa iendelee kuwaka. Ugumu unakuja ndege inaposhuka: rubani amepunguza mafuta, injini inazunguka polepole, na maji yanaingia yaleyale. Tarehe 24 Mei 1988 Boeing 737 iliyokuwa inaenda New Orleans iliingia kwenye mvua kubwa na mvua ya mawe, injini zote mbili zikazimika. Kapteni Carlos Dardano, mtu mwenye jicho moja, aliitua kwenye tuta la nyasi kando ya mfereji. Watu wote 45 wakatoka wazima. Watengenezaji wa injini walibadilisha umbo la pua ya feni, wakaongeza milango ya kutupia maji nje kabla hayajafika kwenye moto, na marubani wakaagizwa wasiache injini izunguke polepole mno ndani ya mvua kubwa. Pia wanawasha viberiti vya injini viendelee kutoa cheche muda wote wa mvua, ili moto ukitetereka ushike tena.

Siwezi kuzungumzia mvua na ndege kwenye ufuko huu nikaruka tarehe 6 Novemba 2022. Ndege ya pangaboi iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia ziwani ikiwa na watu 43, na 19 hawakurudi nyumbani. Waliofika kwanza kuwaokoa walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mungu awarehemu marehemu, na wavuvi wale tuendelee kuwaheshimu.

Kuna vifaa vyote hivi, na bado kinga kubwa kuliko zote ni kutoingia. Usiku hewa ya nchi kavu inashuka kutoka kila upande wa ziwa na kukutana katikati, inainuka, na alfajiri wingu limeshajengeka. Rubani ana rada puani mwa ndege, anaizunguka dhoruba kwa mbali. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada hapa Mwanza inayoliona wingu hilohilo. Taarifa za rubani aliyelipita zinaweza kumfikia mtabiri, na za mtabiri zinaweza kumfikia mvuvi kabla hajasukuma mtumbwi. Wazazi mnaotoa vijana kwenda ziwani usiku, ulizieni utabiri wa ziwa kila jioni.

Tumefika kwenye maswali. Binti wa mstari wa tatu ameuliza kama abiria anaweza kujua joto limewashwa. Swali zuri, mwanangu. Bawa lenyewe halitakuonyesha kitu. Usiku ukiona taa kutoka ubavuni mwa ndege inamulika ukingo wa bawa, huenda wanakagua kama kuna barafu. Na kwenye ndege nyingi, mkiwa mnashuka ndani ya wingu, injini zimetulia, halafu ukasikia sauti yake inapanda kidogo na kubaki hapo bila ndege kuongeza mwendo, inawezekana kabisa kapteni amewasha joto la injini, na injini imejiongezea mizunguko ili isizimike. Haya, kijana pale dirishani, uliinua mkono.